Kompyuta Tatu, Meza Moja

4 Machi

Mpwa wangu,

Kabla sijakusalimu, jua kwamba hospitali hii ikinikosa siku moja tu, wagonjwa watapona wenyewe kwa woga. Haya, hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi lina msimamo wake.

Nina jambo dogo. Bosi mpya kawahamishia ghalani makarani wenzangu wawili, mapokezi nimebaki peke yangu. Kompyuta zetu tatu, ya usajili, ya maabara na ya dawa, zote ziko chini ya meza yangu. Juu nina skrini mbili, kibodi moja, kipanya kimoja, na kijisanduku chenye vitufe vitatu. Ukibonyeza kimoja, skrini, kibodi na kipanya vyote vinahamia kompyuta hiyo. Mimi nilikielewa kabla fundi hajakitoa kwenye boksi. Yeye ndiye aliyeniuliza maswali.

Ila kijisanduku kina ukaidi. Nabonyeza maabara, naandika, maneno yanaibukia kwenye dawa. Juzi mzee aliyekuja kupima damu kaandikishwa kama katoni ya dawa ya kikohozi. Bosi kasema Ijumaa tarehe 28 atanijaribu mwenyewe. Nikikosea, naenda getini kugawa namba. Mimi! Miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki! Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo wetu. Niambie sanduku linaumwa nini.

Mjomba wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kifua kimepoa, pole na goti. Huyo mzee nimemcheka mpaka wenzangu wa karakana wakaja kuuliza. Alimezwa kutwa mara tatu?

Sasa tuongee kifundi. Kila kitufe kina kitaa. Kinachowaka kijani ndiyo kompyuta uliyomo. Halafu jina la kompyuta linatokea kwa herufi ndogo pembeni mwa skrini. Ukibonyeza cha pili, kitaa gani kinawaka, na unasoma jina gani? Nijibu hayo mawili tu.

Mpwa wako

16 Machi

Marahaba mwanangu,

Habari za huko? Huku goti limeanza kutabiri mvua.

Unaniuliza vitaa, mimi! Ujanani nilimtambua chatu kwa chafya yake, gizani, mtaa mzima ukaokoka. Mashine nazisikiliza mlio. Taa zinawaka kwa heshima zote, na majina yanatokea, mazuri tu, yamepangika. Lakini jana katoni mbili za glavu zimepewa kitanda wodini, na muuguzi kaenda kuziamkia. Harakisha, siku zimebaki kumi na mbili.

Mjomba wako

20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti limetulia. Sanduku ni zima kabisa.

Usinune. Barua yako ya mwisho ina herufi kubwa kama vikombe, na mstari wa chini umeishia nje ya karatasi. Hivyo vitaa unaviona kweli? Chumba cha macho kiko hapohapo kazini kwako. Nenda kabla ya Ijumaa. Mama simwambii.

Mpwa wako

3 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ijumaa imepita na wewe kimya. Hata salamu ya goti hakuna. Uko kitini au getini? Kama nimekuudhi, nigombeze, lakini andika.

Mpwa wako

8 Aprili

Marahaba mpwa wangu,

Goti halijambo, na mwenye goti yuko kitini.

Sikujibu kwa sababu nilinuna, tena nilinuna vizuri, siku tano nzima. Jumatano nikaingia chumba cha macho kwa mlango wa nyuma. Daktari akaniambia nisome ubao. Nikamuuliza, ubao upi? Wala hakucheka, Mungu ambariki.

Ijumaa bosi kasimama nyuma yangu, mbele yangu wagonjwa watatu. Bonyeza, tazama kijani, soma jina, ndipo uandike. Mama mjamzito kaingia usajili akiwa binadamu kamili. Damu maabara, vidonge kwenye dawa. Bosi kakagua kompyuta zote tatu, kisha akasema, "Kesho njoo saa ileile." Wagonjwa wakapiga makofi. Watu mia mbili. Haya, wawili, wa tatu alikuwa amelala.

Ila kuna kitu sijamwambia mtu. Miwani niliyoandikiwa ilikuwa haijatengenezwa, kwa hiyo Ijumaa nilivaa ya mke wangu, ile ya waridi yenye vipepeo pembeni. Yangu nyeusi imefika jana. Bado iko kwenye kasha. Ya vipepeo, mwanangu, inanipendeza.

Mjomba wako