Baba Aliguna Kabla ya Kuanguka

Chennai, India

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikikuona umekaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, umemgeuzia msomaji sikio kwa sababu macho hayakusaidii tena. Ule ukungu wa jicho la kulia umezidi? Goti je? Na kuku wamepona, au mmebaki na jogoo peke yake akiwasumbua? Mimi ninakula, ninalala, na joto la huku halinitishi, kwani ni lile lile la Takaungu. Nje ya lango la hospitali wanauza madafu. Kila nikipita huwatazama wauzaji, nikijiuliza ni nani aliyekwea mnazi kuyaangua.

Kahindi, shikamoo kaka. Najua ni wewe unayesoma. Msomee Mama yote, usiruke kama ulivyoruka maneno ya barua ya mwalimu mkuu kuhusu utoro wako. Mama, akinyamaza ghafla, mwambie arudie mstari.

Mliniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, nikawa najibu juu juu. Ni hii. Watu huletwa hapa kupasuliwa moyo, au ule mshipa mkuu unaotoka moyoni kupeleka damu mwilini. Wakisharudi makwao, sisi huwafuatilia. Napiga simu, nauliza: unapumua vizuri, unapanda ngazi, mkono umepata nguvu? Wakati mwingine anayepokea ni mke, naye hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Nikisikia kimya kile huwa nimeshajua. Majibu hayo, ya waliopona na ya waliokufa, tunayaweka pamoja na umri wao, presha yao, figo zao na upana wa mshipa, na humo hutoka nambari ya kumsaidia daktari kukadiria hatari ya mgonjwa anayefuata. Ndiyo niliyosomea. Nilikuwa naona ni hesabu ya watu wengine.

Majuzi fundi mpya wa mashine ya picha ya moyo alitaka mtu wa kujifunzia. Nikajitolea. Alikuwa akinisogezea kile kifaa kifuani huku akinitania kwamba mbavu zangu zimemzibia njia. Kisha akaacha kutania. Akakirudisha palepale, akakirudisha tena, akasema anakwenda kumwita mkubwa wake. Kimya chake kilikuwa kile kile cha wake wa watu kwenye simu.

Mshipa wangu umepanuka pale unapoanzia, na ukuta wake umedhoofika. Daktari, mama mmoja wa makamo, aliniambia nitandaze mikono kama msalaba, akaitazama miwani yangu minene, halafu akasema, “Funga ngumi, kidole gumba kiwe ndani.” Nikafunga. Ncha ya kidole ikatokeza upande wa pili.

Unakumbuka, Mama? Kobe anachungulia. Baba alikuwa akituchezea hivyo jioni tukisubiri chakula, analificha gumba ndani ya ngumi, ncha inatokea upande wa kidole cha mwisho, naye anaiuliza, “Kobe, kuna mvua huko nje?” Mimi na Kahindi tuliweza. Wewe hukuweza hata ukivuta, na Baba akasema kobe wako hana shingo. Tulidhani ni mchezo tu. Kumbe vidole vile, mikono ile mirefu ambayo kila shati lilikuwa fupi kwayo, kile kifua kilichobonyea, na macho yangu mabovu tangu utotoni, vyote vinaweza kuwa ugonjwa mmoja, wa kurithi, na unapokaa zaidi ni kwenye mshipa ule.

Daktari akauliza kama baba yangu yuko hai. Nikamwambia alikuwa mgema, alianguka kutoka kwenye mnazi.

“Alianguka tu?”

Hapo nikakusikia wewe, Mama. Siku ya msiba ulisema, ukarudia kwa kila aliyeingia: “Aliguna kwanza. Aliniita kutoka juu, akasema mgongo unapasuka kati ya mabega, ndipo akaachia mikono.” Shangazi Dama akakushika, akasema uchungu umekuvuruga, mtu huguna akianguka. Watu wakaenda kuvitazama vidato vya ule mnazi, yale makato ya kukanyagia kwenye shina, wakasema vimeachana mno ndiyo maana mguu ulikosa. Aliyevikata ni Baba Mdogo Charo. Mnazi ukaangushwa, na Baba Mdogo akaondoka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni kabla matanga hayajaisha.

Maneno yako, Mama, ndiyo yale yale ninayoyasikia kwenye simu kutoka kwa jamaa za waliopasukiwa na mshipa huu: maumivu ya ghafla, kama kitu kinachanika, kati ya mabega. Siwezi kuapa, Baba hakupigwa picha. Lakini naamini hakufa kwa kuanguka. Alianguka kwa sababu alikuwa anakufa. Ulilisema jambo sahihi, na sisi sote tukakunywesha maji ya sukari.

Sasa Kahindi, naye mgema kama Baba. Nilipompigia simu akacheka. “Kadzo, wewe umesoma hata umeanza kuogopa miti.” Nikamwambia anaweza kuwa na mshipa kama wangu. Akasema, “Moyo wa mtu aliye juu ya mnazi lazima udunde. Siku usipodunda ndipo uniite.” Nikamwomba aende Mombasa akapigwe picha ya moyo. “Nitaenda, mnazi ukikauka.” Nyuma yake nilisikia watu wakicheka, akakata. Kaka, wewe hupanda asubuhi na jioni, unavuta mwili mzima kwa mikono ile ile ya Baba. Kila unapojikaza presha hupanda ghafla, na ukuta uliodhoofika hauombi ruhusa kabla ya kuachia.

Jambo la mwisho nimelichelewesha, Mama, unisamehe. Nimekubali kupasuliwa. Muuguzi wa Malindi anayeibeba barua hii anasafiri kesho, nami naingia wodini kesho kutwa. Ukisomewa haya, litakuwa limeshapita. Sikukupigia simu kwa sababu ungelia, nami ningeghairi. Mwenzangu wa kazi ana nambari ya Kahindi na atampigia, liwe lolote.

Daktari aliniuliza kama nataka kujua hatari yangu, nikasema nataka. Kiasi chenyewe sikiandiki. Ni kidogo, lakini nimeshaongea na wajane wa watu waliokuwa na hatari ndogo. Nambari ile inaujua umati, mtu mmoja haimjui. Ninachojua ni kwamba mshipa wangu umefika upana ambao kungoja ni hatari zaidi ya kisu. Mimi nimepewa nafasi ya kuchagua. Baba hakupewa.

Msalimie Shangazi Dama, bila lawama. Wasalimie jirani zetu wa kisimani na wanakwaya wote. Na Baba Mdogo Charo apelekewe habari Marereni, na mtu wa kumwambia ana kwa ana, kwamba vidato vyake vilikuwa sawa. Arudi nyumbani.

Mama, Kahindi akimaliza kusoma atasema ni maneno ya wasomi. Usibishane naye. Mwambie asogee, afunge ngumi, gumba ndani, kisha uipapase kwa mkono wako. Hapo huhitaji macho. Ukimkuta kobe anachungulia, haitakuwa hukumu, itakuwa sababu ya kwenda Mombasa. Na mpaka arudi na picha, asipande. Mfichie kamba yake ya kukwea, uikalie ikibidi.

Mshike sasa hivi, kabla hajaikunja karatasi hii.

Binti yako,
Kadzo