Mtungi wa Maji Laini

Jumatatu, 4 Agosti. Mbangala
Nimekwangua birika tena asubuhi. Ukoko mweupe, mgumu. Wiki ya tatu tunaishi ndani ya basi dogo la Coaster, na kila maji tunayojaza yana lake. Sabuni haitoi povu. Mke wangu, Mama Zuhura, anajikuna mikono hadi inapauka. Miaka yote niliendesha malori nikamwacha nyumbani Vwawa. Nilipostaafu nikang'oa viti, nikaweka kitanda na jiko, tuzunguke pamoja. Alikubali mwezi mmoja tu, wa majaribio. Ufunguo wa nyumba yuko nao kwenye fundo la kanga. Naliogopa lile fundo.

Jumanne, 5 Agosti. Tunduma
Nimevuka mpaka hadi Nakonde kutafuta kifaa cha kulainisha maji. Muuzaji alikuwa na mitungi miwili: mmoja mkubwa kama wa gesi ya hotelini, mwingine unabebeka kwa mkono mmoja. Ndani mna chembechembe zinazonasa ule ukoko. Zikishiba, unapitisha maji ya chumvi ya mezani, kisha unasuuza. Akauliza tunatumia lita ngapi kwa siku. Sikujua. Nikachukua mdogo, maana uzito wa gari naujua mimi. Karatasi ya maelekezo nimeisoma nusu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeufunga mtungi kati ya mpira wa bomba na tanki. Nikajaza maji kwenye chupa, nikatia sabuni kidogo, nikatikisa. Povu hadi shingoni! Nimefurahi kitoto. Mama Zuhura amenawa mara mbili.

Ijumaa, 8 Agosti. Kamsamba
Joto. Tumeegesha kwa wakwe zangu. Maji ya kisima hiki yanashinda ya Mbangala kwa ugumu. Nimejisifu mno kuhusu mtungi, mashemeji wote wamekuja kuoga kwetu.

Jumapili, 10 Agosti
Povu limekufa. Nimetikisa chupa mara tatu, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Mtungi umeshiba mapema. Mama Zuhura anajikuna tena. Mwezi unatimia Ijumaa. Amesema kama maji ni haya, anapanda basi la Vwawa. Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu.

Jumatatu, 11 Agosti
Aibu. Mama mkwe alikuwa anakuja kunywa chai saa nne. Saa tatu na nusu ndiyo naanza kusafisha mtungi. Nikamimina chumvi pakiti mbili, nikafungua bomba hadi mwisho, kama naosha lori. Nikaona imetosha.
Chai ikawa ya chumvi. Mama mkwe alikunywa kikombe chote, akashukuru. Shemeji mkubwa alitemea dirishani. Nimejichukia. Mama Zuhura ameshinda akichezea fundo la kanga.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeamka, Mama Zuhura yuko nje na mtungi. Karatasi ya maelekezo ameiwekea jiwe, wala haitazami. Bomba amelifungua kidogo sana, maji ya chumvi yanapita tone kwa tone. Amenisimulia kwamba bibi yake alikuwa anatengeneza chumvi kule Ivuna: udongo wenye chumvi unawekwa kwenye chungu chenye matobo, maji yanamiminwa taratibu, na mtu anaonja yanayotoka chini. Huyo mtu alikuwa yeye, akiwa mtoto.
"Baba Zuhura, chumvi huiendeshi kama lori," ameniambia.
Miaka thelathini na moja ya ndoa, sikuwahi kumwuliza habari hizi. Nilikuwa barabarani. Imeniuma.
Amesuuza, anaonja, anasuuza, hadi ulimi wake uliporidhika. Nikatikisa chupa. Povu.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama mkwe amerudi kwa chai. Ameongeza kikombe. Mtungi sasa ni wa Mama Zuhura, anausafisha mwenyewe, mimi nabeba tu. Nakiri, heri ningechukua ule mkubwa. Kesho Ijumaa. Sijamkumbusha.

Ijumaa, 15 Agosti
Basi la Vwawa limepita asubuhi. Nilisikia honi, nikajifanya natazama matairi. Yeye alikuwa anafua kanga. Ile ile. Ameianika, imenyooka, haina fundo. Ufunguo wa nyumba umening'inia kwenye msumari juu ya usukani, pamoja na ufunguo wa akiba wa gari.
Jioni ameniuliza maji ya kule Isongole yakoje. Nimesema sijui. Akaosha ile chupa ya kutikisia, akaiweka mbele, karibu na kiti chake.