Wamemuuza Quiroz

Nyumba 41, Mtaa wa Birch,
Harlan Falls, Ohio.
9 Agosti 1987

Mpendwa mwanangu Milo,

Hujambo huko Perth, Australia? Kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekwisha, au bado unajifanya jasiri? Na Judith, mimba inamwendeaje? Mwambie asibebe ndoo. Mimi mama yako mdogo ni mzima, ila magoti. Nyanya za bustanini zimeiva zote kwa pamoja na hakuna wa kuzila.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu iko sebuleni, na baba yako mdogo Emil anashinda pale pale. Kila neno angelisikia.

Wamemuuza Quiroz. Pengine habari haijakufikia. Mdakaji wetu wa besiboli, miaka yote hiyo akichuchumaa nyuma ya mpigaji hadi magoti yake yakawa mabovu kuliko yangu, wamempeleka New York siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Tumepewa vijana wawili ambao hata ndevu hawajaota. Meneja mkuu kasimama kwenye televisheni na tai yake, anasema tunajenga timu ya kesho. Kesho! Tunaambiwa kesho tangu wewe unavaa kaptula. Warushaji wetu chipukizi walikuwa wanamtazama Quiroz awaonyeshe kwa vidole warushe mpira gani. Sasa wanarusha ovyo kama watu wanaofukuza mbwa. Na mrushaji Brubaker, ambaye bega lake lilikufa zamani, huyo kabaki, maana hakuna timu inayomtaka. Na kocha bado anampanga! Nina hasira, Milo.

Lakini Emil hana hasira. Hicho ndicho kinachonitisha.

Unakumbuka Quiroz alikuwa kipenzi cha marehemu baba yako, Laddie. Laddie ndiye aliyemwona kwanza, akicheza ligi ya vijana kwenye mvua, akaja hapa kalowa chapachapa: "Emil, kuna mtoto ana mkono, hujapata kuona." Tulipomzika Laddie mwezi wa tatu, Emil hakulia. Alisema tu, "Ngoja msimu uanze." Nikajua atajishikiza kwenye michezo, na kweli alijishikiza, mpaka wakamuuza Quiroz.

Nyumba hii ilivyokuwa unaijua. Televisheni bila sauti, redio ndiyo inayosema, ndugu wawili kwenye viti vyao. Emil anawatukana wenye timu, baba yako anawatetea. Nusu ya aliyoyasema Laddie hakuyaamini hata yeye, nina hakika. Anabambua karanga zake taratibu, anasema, "Emil, wenye timu wanajua wanachofanya." Basi! Emil yuko wima. "Wanajua nini? Hawajui hata kufunga kamba za viatu vyao!" Hivyo hivyo awamu zote tisa, na mimi jikoni nawapigia kelele wanyamaze. Mungu anisamehe.

Baada ya msiba Emil akawa anabishana na redio. Kila mchezo ukiisha anakipigia kile kipindi cha mashabiki, anamwaga yote. Tangu Quiroz aondoke hajapiga. Juzi mtangazaji akauliza hewani, "Emil wa Mtaa wa Birch, umetutupa, mzee? Nani sasa atamtukana meneja?" Nilicheka nikamtazama. Emil akanyoosha mkono akaizima redio.

Nimejaribu, mwanangu. Jumamosi nilikaa kwenye kiti cha baba yako, nikajitia kuwatetea. Nikasema, "Mimi naona wamefanya vizuri. Quiroz kazeeka, hao vijana watatufaa." Emil akanitazama kwa huruma. "Doreen, mke wangu, acha. Uliposikia habari hiyo ulivunja sahani."

Na kweli niliivunja.

Kofia yake ya timu kaitia kwenye lile boksi la misaada ya kanisani, pamoja na makoti ya Laddie. Nimeitoa, nimeificha chini ya mataulo. Pirohy zangu za unga na viazi nampikia, anazigeuza-geuza tu kwa uma. Vidonge vya presha nimevikuta chini ya mto wa kiti. Na jana nilipomuuliza kuhusu tikiti za mwakani alisema, "Mimi wasinihesabu," kwa sauti ya mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Nilikwenda nikalia bafuni, maji nimeyafungulia.

Naogopa, Milo. Ningejua la kufanya nisingekusumbua. Huyu mtu ananiponyoka nikiwa nimemshika.

Siku ya mazishi uliposimama kusoma, Emil aligutuka. Nilikuwa nimemshika mkono, nikahisi. Una sauti ya baba yako, ile ile, na vituo vyake. Basi nisikilize. Jumanne tarehe 25 tunacheza nyumbani. Huku ikiwa saa mbili usiku, kwenu ni saa mbili asubuhi ya Jumatano; piga simu saa hiyo. Nitawasha televisheni hata akikataa, na nitakuwa jikoni ili apokee yeye. Usimwulize afya. Usimpe pole, za pole zimemtosha. Na usimwambie nimekuandikia.

Shangazi yako Irma anakusalimu, anasema umtumie picha ya kangaruu aliye hai, si wa kadi. Msalimie Judith kwa mapenzi. Mungu amfungue salama, na akulinde wewe huko chini ya ardhi mgodini.

Ni mimi nikupendaye, mama yako mdogo,
Doreen

N.B. Akipokea, sema hivi tu: "Baba mdogo, kuhusu Quiroz, wenye timu wanajua wanachofanya." Halafu weka simu mbali kidogo na sikio. Akianza kufoka, nakuomba sana, usikate.