Kibao cha Mlango wa Dokta

Jumatatu, 3 Juni

Miezi mitano ya ndoa na bado naamka nikijifinya. Dokta wangu! Analala mdomo wazi na bado mzuri — huyu mke au malaika?

Kesho kamati ya vyeo inatoa jibu. Mkuu wa utafiti atakuwa yeye, nani mwingine? Miaka kumi na miwili anachunguza presha ya wajawazito. Makala thelathini na tatu. Amenukuliwa mara elfu moja na mia mbili — yaani watafiti wenzake wamemtaja kwenye makala zao mara zote hizo, alinieleza tukila. Na kaolewa na mimi, mchora vibao wa kidato cha nne!

Kibao cha mlango wake kiko tayari tangu wiki ya harusi. Herufi za dhahabu: jina lake, ubini wangu. Nilikichora kabla hajasema kama atautumia. Alipokiona alicheka, akasema haya basi, Fundi. Mama alipiga vigelegele.

Jumanne, 4 Juni

Wamemnyima! Cheo kapewa Tai — yule mwenzake asiyevua tai hata kwenye joto. Ana makala tisa. Tisa!

Mke wangu, eti, ana mbili. Kanukuliwa mara nne! Karani alitafuta kwenye kompyuta kwa ubini wangu, akakuta zile mbili tu alizochapisha tangu tuoane. Thelathini na moja za zamani, eti za mtu mwingine. Dokta wangu kawaambia: "Huyo mtu mwingine ndiye mimi!" Karani kamjibu mfumo unasoma majina, hausomi mapenzi. Kamati ikacheka.

Wakacheka!

Hakula. Nimepiga meza, chai ikamwagikia shajara hii. Nikasema nakwenda kuwaonyesha. Akasema nikae chini. Rufaa mwisho Jumatatu, fomu anayo. Lazima achague ubini mmoja, na huo ndio atakaochapishia daima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewatukana kamati nzima mbele ya fundi fremu, jirani yangu wa kazini. Akanisikiliza huku anakata mbao. Halafu, bila kuinua macho: "Sasa wewe bwana, ulioa au ulifuta?"

Nilimwambia achunge ulimi wake. Nikarudi kwenye kibao cha duka la dawa nikaandika DAWWA. Hasira hasara.

Lakini swali lake haliniachi. Mteja akitaka kubadili jina la duka, ni mimi ninayemwonya: fikiri kwanza, wanunuzi watakupotea. Kila mteja namwambia. Mke wangu sikumwambia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemdokezea Mama kwa simu kwamba labda Dokta arudie ubini wa baba yake. Weee! Kasema mke wa mtu hana majina mawili kama mwizi. Nimemkatia simu. Mama yangu mzazi! Sijawahi.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi Dokta alikwenda kwao. Nikafunga mlango, nikaikwangua dhahabu yote. Nikachora upya: ubini wa baba yake, herufi nyeusi, zimesimama wima kama askari. Nikajiona mume bora duniani! Nikakiweka mezani, na ua pembeni.

Karudi, kakitazama. Kauliza nani kaniambia anataka hivi.

Nikasema mpenzi, zile makala zako thelathini na moja —

"Mara ya kwanza ulichora, ukasubiri nicheke. Leo umechora tena. Kuuliza hujui?"

Kasema polepole. Afadhali angepiga kelele. Nikamuuliza basi mke wangu, unataka upi?

"Swali hilo, Fundi, limechelewa miezi mitano."

Kachukua fomu. Kachukua kalamu yangu nzuri, ile ya vyeti. Kachukua na kibao, rangi ingali mbichi — nimeona dole gumba lake jeusi alipofunga mlango wa chumbani.

Ua kaliacha.

Namsikia anaandika. Ameacha. Karatasi imechanwa — sijui ni fomu au nini. Anaandika tena. Nimesimama mara mbili nigonge, nimekaa mara mbili. Na yeye bado anaandika; ubini atakaochagua nitausoma kesho, pamoja na kamati.