Pasi Kwanza, Gari Baadaye

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nzito kama gunia la mkaa, wewe na Shemeji na watoto wote, hasa yule mdogo aliyening'oa ndevu akidhani ni nyasi. Goti lako linaendeleaje? Natumaini limekubali kupanda ngazi sasa, na kwamba bado unamkaripia kila mtu humo ndani, maana siku ukinyamaza ndipo nitajua unaumwa kweli. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na suruali zangu zimeanza kulalamika kiunoni. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa mtu, nangoja pasi izimwe. Usishtuke, mbele utaelewa.

Barua yako niliipata. Niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Umesema yako bila kuzunguka: ninunue ile haibridi ya kawaida, gari la petroli na betri, aliyoichagua Shemeji, niiendeshe moja kwa moja hadi kwenu, nikae kile chumba cha nyuma mlichokwisha kukipaka rangi, niwe dereva wa ofisini kwake. Na nikithubutu kununua ile ya kuchomeka kwenye umeme, nisikutumie salamu tena, kwa sababu utakuwa umejua kwamba mdogo wako anazeeka bila kukua.

Basi Dada, salamu ndizo hizo hapo juu. Nimenunua ya kuchomeka.

Ngoja, usiikunje barua. Shemeji nampa haki yake, kila alichosema kwenye barua yako ni kweli. Alisema haibridi ya kawaida inajichaji yenyewe njiani kila ukikanyaga breki, unatia petroli unaondoka, haikudai kitu kingine. Alisema ile ya kuchomeka ina betri kubwa, inaweza kuzunguka mjini kwa umeme mtupu, lakini usipoichaji unabaki unazunguka na betri tupu kama mtu aliyebeba jiwe begani, na petroli inazidi kwenda. Halafu akauliza mtu aliyepanga chumba ghorofa ya tatu, asiye na gereji, atachomeka wapi, puani? Hapo nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Lakini Shemeji anasahau anazungumza na nani. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa amani, sikatai. Ila nimeendesha malori katika nchi ambazo yeye anaziona kwenye ramani tu, na nimelala kwenye bandari ambazo hata mbu wake wana pasipoti. Mimi sichaguliwi gari.

Hata hivyo sikukurupuka. Muuza magari mmoja rafiki yangu, mtu wa tumbo kubwa tunayemwita Bampa, aliniambia nichukue kila gari nilifanyie kazi ya teksi wiki moja, kisha niamue. Nikaanza na la kuchomeka.

Jioni ya kwanza nilirudi nalo kwa mbwembwe zote. Nikapanda chumbani, nikateremsha waya wa umeme kutoka dirishani. Ukapita kwenye kamba za nguo, ukanasa shuka la watu, ukafika chini na shuka lake kama bendera. Wapangaji wamejaa nje wanatazama. Nikachomeka. Jengo zima likazimika, isipokuwa chumba kimoja cha chini chenye mita yake. Humo anaishi mwanamke mmoja, fundi cherehani, mshona sare za shule, na shuka lilikuwa lake. Akatoka na mkasi mkononi, akauliza ni nani aliyemshusha yule nyoka, ampandishe upesi kabla hajamkata vipande. Nikaanza kumweleza habari za injini na safari zangu za dunia nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huko duniani kote nilikopita sikuona kwamba gari huwa liko chini, na kwamba chini nako kuna soketi. Watu walicheka, Dada! Nami nikacheka, ningefanya nini?

Akakubali waya upite dirishani kwake, umeme nilipie. Lakini kulikuwa na sharti. Pasi yake na gari langu vikiwaka pamoja, swichi kuu inaruka na anabaki gizani. Kwa hiyo pasi kwanza, gari baadaye. Mpaka amalize kunyoosha sare za siku hiyo, mimi na gari langu la kisasa tukae nje tungoje.

Nikangoja kwenye benchi hili hili. Siku ya kwanza nilipiga miluzi. Siku iliyofuata aliniambia miluzi inamkera, akanipa nguo nifumue mishono. Kabla wiki haijaisha, mikono hii iliyozungusha usukani wa malori ilikuwa inashona vifungo. Na ninavishona vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, muulize hata yeye, ingawa atakataa. Alikuwa ananisimulia habari za wateja, mimi namsimulia mipaka na mabaharia, na kila nikitia chumvi anainua pasi na kuniangalia hadi niipunguze.

Wiki ya pili nikachukua ile ya Shemeji. Dada, sikufichi, ni gari tamu. Halina madai, halina waya, halina ngoja kidogo. Nilirudi jioni, nikaegesha, nikapita mlango wa fundi, nikapanda ngazi zangu, nikafika chumbani nikakaa kitandani na viatu. Nikatazama ukuta, ukuta ukanitazama. Kesho yake vivyo hivyo. Nililichunguza gari lile kama daktari, nikitafuta kasoro, sikuiona. Kasoro yake ilikuwa moja tu: halikunipa sababu ya kugonga mlango wa mtu.

Siku ya tatu napita, nikamsikia anaita kutoka ndani kwa ile sauti yake ya kukata kitambaa. Anataka kujua, pasi ameshaizima mapema siku tatu mfululizo, hilo gari langu limepotelea wapi?

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Bampa kabla hajafungua kufuli.

Sasa nikwambie lililobaki, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na silisemi kwa mtu mwingine kabla yako. Nimemposa. Yule fundi. Alinieleza kwamba aliwahi kuwa na mume, akatoka jioni moja kwenda kununua balbu, hajarudi mpaka leo. Kisha akaniuliza swali moja tu: hili gari, lisipochomekwa kabisa, linakwenda? Dada, ungeniona. Mimi bingwa wa maneno, nikaliweka chini shati nililokuwa nalishona kifungo. Ningesema haliendi, lazima lirudi kwake kila jioni, angeniamini. Nikamwambia ukweli. Linakwenda. Likiwa na petroli litanifikisha popote, hata nisirudi.

Akanyoosha kola ya shati, upande mmoja, akageuza, upande wa pili. Ndipo akasema vizuri, basi kila jioni akiniona atajua nimerudi kwa kutaka mwenyewe, si gari lililonirudisha. Hilo ndilo jibu nililopewa, na mimi nimelichukua kuwa ndiyo. Nilipomuuliza kama ni ndiyo, alinirushia kidonge cha uzi.

Kwa hiyo chumba cha nyuma mpeni mtu mwingine, rangi isipotee bure. Kazi ya ofisini namshukuru Shemeji kwa moyo wote. Siji. Sijakosa pa kwenda, nimepata pa kurudi, na hapo hata wewe na ukali wako hamnitoi. Harusi ni mwisho wa mwezi ujao, ndogo, ya watu wanaotupenda. Bibi harusi anaomba vipimo vyako vya gauni: bega, kifua, kiuno, urefu, na amesema usipunguze kiuno kwa aibu. Nilimwambia huenda ukakataa kuja. Akajibu kwamba gauni litashonwa hivyo hivyo kwa kukadiria, litundikwe hapa ukutani, na siku ukija utalikuta.

Kitambaa ameshakikata, Dada. Cha bluu, ile uipendayo.

Msalimie sana Shemeji, mwambie puani sikuchomeka. Wabusu watoto. Goti ulipake dawa, ngazi za huku si zako, tunahamia chini.

Naishia hapa. Ameita, pasi imezimwa.

Ndimi mdogo wako mkaidi,
yule mliyemwita Upepo