Shomoro Imerudi, Rubani Hajaitika

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya friji.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu. Huku tunaendelea. Baba anakohoa asubuhi, lakini anasema ni vumbi la kazi tu. Mdogo wangu ameota meno mapya ya mbele, makubwa kuliko uso wake. Mimi sijambo, ila nimerefuka. Ile sketi ya shule uliyonishonea imeshushwa pindo mpaka pindo lenyewe limekwisha, na bado sijakubali kuivua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anafundisha kwamba barua ya kirafiki isianze na shida. Kwanza salamu, kisha habari njema, ndipo mtu aseme lililo moyoni. Nimetafuta habari njema nikapata mbili. Ya kwanza, nimekuwa wa tatu darasani, na safari hii hesabu hazikuniangusha. Ya pili, tamthilia yetu ya Shomoro imerudi kwenye televisheni.

Huenda huko uliko haionyeshwi. Walitangaza kwa muda mrefu kabla, kila baada ya taarifa ya habari: kile chombo kidogo kikipita gizani na nyota nyuma yake. Baba aliposikia mara ya kwanza alitoka karakanani na spana mkononi, akasimama mlangoni mpaka tangazo likaisha. Kesho yake alipanda juu ya paa kurekebisha antena, yeye ambaye picha ilipocheza mwaka mzima alituambia tuzoee.

Mimi nilikuwa mdogo ilipokatishwa, lakini nakumbuka vizuri. Nakumbuka chombo cha posta kinachopeleka barua na vifurushi kutoka sayari hadi sayari, kimechakaa, kinavuja mvuke, na watu wake wanagombana njia nzima lakini hawaachi nyuma barua hata moja. Baba anasema alianza kuitazama akiwa na umri wangu, na wewe ukiwa mtoto mapajani pake, ukimwuliza kila mara kwa nini hawaanguki. Miaka ikapita, mkakua, akaoa, tukazaliwa, na Shomoro bado iko njiani. Kisha ikakatishwa ghafla, bila hata kuaga.

Ule mlango wa friji bado upo, Shangazi. Namaanisha ule uliouegemeza ukutani sebuleni ukachora vitufe kwa rangi yako ya kucha, ukasema ndio usukani wetu. Vitufe vyekundu vimefifia, vile vya zambarau vinang'aa kama jana. Mwezi uliopita mteja mmoja aliuona, akasema ni saizi ileile anayoitafuta. Baba akamjibu, 'Huo hauuzwi.' Mteja akasema, 'Fundi, mlango mbovu huu, umejaa madoa.' Baba akasema, 'Madoa yenyewe ndiyo hayauzwi,' akarudi kwenye kazi yake. Na kazi siku hizi ni haba, watu wananunua friji mpya.

Nakumbuka pia vyeo vyetu. Baba alikuwa Nahodha kwa kuwa funguo za nyumba hukaa kwake. Mama alikuwa Tabibu, ingawa dawa yake ilikuwa moja tu, maji ya moto na kulala. Wewe ulijitwalia urubani kabla mtu hajafungua mdomo, ukasema Rubani ndiye anayekaa dirishani. Mimi mkanipa ukarani wa posta kwa sababu nilikuwa najifunza kuandika. Mdogo wangu alikuwa hajaanza kutembea, kwa hiyo akawa Mzigo, na jina hilo limemganda. Sasa anadai kupandishwa cheo. Juzi alimwambia Baba, 'Mimi natembea mwenyewe, ndoo nabeba. Mzigo gani unaobeba ndoo?' Baba akamwambia, 'Mzigo wenye mdomo.' Hiyo ndiyo mara pekee mwezi huu niliyomwona akikaribia kucheka.

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni ule mwito wa jioni. Kwenye Shomoro, kabla ya kufunga mlango wa chombo, Nahodha humwita kila mtu kwa cheo chake, na kila mtu huitika 'Nipo' kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyefariki huitwa vilevile, na wenzake hugonga meza mara moja kumwitikia. Aliye nje ya chombo, karani humsemea, 'Yuko njiani,' lakini awe ametuma ishara. Asipotuma ishara hakuna wa kumsemea, wala komeo halitiwi mlangoni. Sheria hiyo ikahamia nyumbani kwetu. Baba alikuwa akisimama na funguo akituita, na wewe ukijificha jikoni makusudi, mpaka Mama aseme, 'Itika, wifi, watu tuna usingizi.'

Tangu Mama atutoke, Baba hajaita tena. Hufunga mlango kimyakimya, kama mwenye duka lililofilisika.

Sasa nikueleze siku yenyewe, Jumamosi ya wiki iliyopita. Baba alifunga karakana mapema, akaoga, akavaa shati la kutokea. Mzigo na mimi tulipanga viti. Niliweka vitatu, lakini niliporudi na chai nikakuta vitano. Sikuuliza nani ameongeza viwili. Tulikaa katikati, kimoja kitupu huku, kingine kitupu kule.

Nisikufiche, Shangazi, haikuwa ile tuliyoijua. Chombo ni kikubwa na cheupe, kila kitu kinang'aa, hakuna hata bomba moja linalovuja. Ule wimbo wa mwanzo, uliokuwa ukiupiga mluzi ukifua, wameuongezea ngoma nyingi mpaka hausikiki. Nahodha mpya ni kijana mwenye nywele nzuri. Nahodha wetu wa zamani alionekana kidogo tu, mzee kweli, anatembea kwa kujishika ukutani. Akamkabidhi kijana kofia, akaondoka. Mzigo akauliza, 'Baba, na yeye anaumwa?' Baba akasema, 'Amechoka tu.'

Hata hivyo aliendelea kutazama. Ilipokaribia mwisho, chombo kikawa kinataka kuondoka, nikaona Baba amejiinua kitini na kukunja vidole juu ya mkono wa kiti, tayari kugonga. Nikaelewa kwamba amekuwa akisubiri mwito. Nadhani alitaka Nahodha aite kwanza, ili na yeye apate pa kuanzia. Mimi pia nilikunja vidole vyangu.

Hakukuwa na mwito. Taa moja ya kijani iliwaka ukutani, na sauti ya mashine ikasema, 'Wote wamo.' Mlango ukajifunga wenyewe, chombo kikaondoka.

Baba alibaki na ngumi yake pale juu ya kiti. Baadaye akasema, 'Mashine inajuaje?' Hakuwa anatuuliza sisi. Akainuka, akavua shati la kutokea, akaenda karakanani na kuwasha taa, ingawa alikuwa ameshafunga kazi. Mzigo akavirudisha viti viwili mahali pake bila kuambiwa.

Jumanne nilipotoka shule nilipita kwa rafiki yako msusi. Anakusalimu sana. Amehamia chumba cha nyuma kwa sababu cha mbele kimepanda kodi, wateja hawamwoni vizuri, na anasema siku nyingine anasuka wigi ili vidole visisahau kazi. Nilimwomba anwani yako. Aliniangalia kwanza kwenye kioo, halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alisema kwamba wakati wa mazishi ya Mama mwajiri wako alikuwa ameifungia hati yako ya kusafiria kabatini, akakataa kuitoa, na kwamba ulilala nje ya mlango wa ofisi yake ukiomba. Alisema pia kwamba kila ukizungumza naye unamwuliza kama mlango wetu bado ni wa bluu.

Bado ni wa bluu, Shangazi.

Mimi nilikuwa chumbani siku ile ulipopiga simu baada ya mazishi. Nilimsikia Baba akisema, 'Aliyeshindwa kuja kuzika asijisumbue kupiga simu,' kisha akakata. Na wewe ukatii, hukupiga tena. Nimewaza sana juu ya kutii kwako. Ulikuwa humtii hata akikwambia uvae sweta.

Msusi alitaka nikupigie palepale kwa simu yake. Nilikataa. Najijua, ningelia, na wewe ukisikia nalia ungefikiri kuna msiba mwingine. Afadhali karatasi, machozi yakidondoka nabadilisha ukurasa. Huu ni wa tatu.

Jumatano nilimwambia Baba habari ya ile hati. Nilikuwa namshikia tochi akifunga mgongo wa friji. Nilisema yote kwa haraka, kama mtu anayesoma shairi asilolielewa. Hakugeuka. Aliendelea kukaza skrubu ileile, akakaza, akakaza, mpaka kichwa cha skrubu kikalika, bisibisi ikawa inateleza. Yeye, fundi, kuharibu skrubu. Akasema tu, 'Elekeza tochi vizuri,' na tochi ilikuwa imeelekezwa vizuri.

Jana ilikuwa Jumamosi ya pili. Baba hakuja kutazama. Alisema ana kompresa ya friji ya mtu inayotakiwa Jumatatu. Mzigo na mimi tulitazama wenyewe, sauti tukiwa tumeipunguza, na mashine ikasema tena wote wamo. Nilipozima televisheni, Mzigo akaniuliza, 'Kwa nini sisi tuliacha kuitana?' Nikasema Nahodha amechoka.

Basi akaenda akasimama mbele ya ule mlango wa friji, akabonyeza kitufe cha zambarau, akapaza sauti: 'Nahodha!'

Huko karakanani spana ilinyamaza. Nilitaka kumziba mdomo. Akaita tena, 'Nahodha!' Nikasikia Baba akikohoa, kisha akasema, 'Nipo.' Sauti yake ilikuwa ndogo, Shangazi, kama imetoka ndani ya ndoo.

'Karani!' Nikasema, 'Nipo.' Mzigo akajiita mwenyewe, akajiitikia mwenyewe, 'Mzigo upo, lakini unataka cheo.' Halafu akasita. Akaniangalia, na kwa sauti ya chini akaita, 'Tabibu.'

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa karakana. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kompresa mbele yake, macho yake chini. Akainua spana akaigonga kompresa mara moja. Ililia kama kengele. Mimi nikagonga fremu ya mlango. Mzigo akagonga mlango wa friji. Tangu siku ile ya makaburini hatujawahi kumlilia Mama sisi watatu kwa wakati mmoja, na jana hatukulia pia, lakini ilikuwa karibu sana.

Kisha Mzigo akaita, 'Rubani!'

Baba aliinua spana tena. Nilimwona, mkono uko juu kabisa. Sijui kama ulikwenda wenyewe kwa mazoea, au alikuwa anataka kweli kugonga. Ningesema kitu lakini sheria naijua, karani hamsemei asiyetuma ishara, na mimi nilikuwa sina ishara yako. Nilishika fremu ya mlango nikangoja ule mlio.

Haukuja. Baba aliteremsha mkono polepole, akailaza spana juu ya kitambaa cha mafuta, taratibu, isitoe sauti hata kidogo. Akasema, 'Mlango usitiwe komeo kwanza.' Akaendelea kufuta mikono, ingawa ilikuwa safi.

Leo asubuhi niliamka nikaenda kuangalia. Komeo lilikuwa wazi. Alikuwa ameegemeza kigoda kwa ndani kuzuia upepo, basi.

Shangazi, sikuombi urudi. Msusi amenieleza kwamba mkataba haujaisha na kwamba mambo ya watu wazima hayaendi kwa kupenda. Wala sikuombi umsamehe Baba leo. Naomba ishara tu. Namba yake ni ileile. Mtandao wake unasumbua, wateja wanalalamika kila siku, na nimewahi kumwuliza kwa nini habadilishi. Akasema, 'Watu wameshaizoea.' Mimi sijaona watu wanaoipiga. Ukiona kupiga ni kugumu, andika. Ukiona kuandika ni kugumu, mwambie msusi neno moja nami nitalichukua. Jumamosi Mzigo ataita tena, amekwisha kuapa, na mimi nataka nikisimama pale mlangoni niwe na haki ya kusema kwamba uko njiani. Posta ikichelewa, ataita Jumamosi nyingine, na nyingine. Nina wasiwasi tu na mkono wa Baba. Sijui utateremka kimya mara ngapi.

Barua hii Baba hajui kama naiandika, ingawa amepita nyuma yangu mara mbili, na mara ya pili ameniwekea taa karibu.

Mzigo anakusalimu na anauliza kama urubani unaweza kurithiwa. Nimemwambia kiti kina mwenyewe. Msusi anakusalimu, anasema ukirudi kichwa chako atakisuka yeye na si mwingine. Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akikugombeza kwa mluzi, naye anakusalimu, anasema mtaa umekuwa kimya mno. Baba hajasema nikusalimu. Mimi nakupa salamu zake hata hivyo, za ile spana kwenye kitambaa cha mafuta.

Mungu akulinde huko uliko, akulainishie moyo wa mwajiri wako, na mgongo wako upone.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Karani wa Posta.