Paipu za Gari la Kalama

Ukunda,
Jumapili.

Kwa dada yangu mpenzi Kadzo,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba mvua niliyosikia imenyesha Kinango imefika na shambani kwenu. Goti lako je, linakuruhusu kutembea? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Mwanao Kalama naye yu mzima. Nimemwona kwa macho yangu, na hilo nalitanguliza ili moyo wako utulie kidogo kabla hujasoma mengine.

Usishangae kwamba nakuandikia badala ya kukupigia. Simu yangu anayo Rai, mwenye gereji hii ninapofanya kazi ya ufundi. Barua hii nitampa Twaiba, mama anayetuuzia mahamri hapa mlangoni, ambaye mumewe huleta samaki huko kwenu.

Nilipokuja hapa nilifurahi, maana Rai aliniambia wateja wake ni watu wa mashindano. Na kweli magari yenyewe yalikuwa ya kuongezwa nguvu: injini zenye tabo, ile inayozisukumia hewa kwa nguvu, pampu kubwa za petroli, breki mpya. Lakini sikuona hata moja likienda kwenye mashindano. Yalikuwa yakirudi kutoka njia ya Lunga Lunga, kule mpakani, yakinuka bangi, viti vya nyuma vimeng'olewa. Nilipomwambia Rai kwamba nataka kurudi nyumbani nikalime, alicheka, akanishika bega, akasema anapajua kwako, anajua hata rangi ya mlango wako. Tangu hapo nalala humu humu gereji, na ufunguo wa geti anao yeye.

Mwezi uliopita akaleta gari jeupe. Alitaka paipu zote za petroli zibadilishwe na geji ya kupimia presha iwekwe mbele ya dereva. Paipu alizonunua zilikuwa laini, za kupitishia maji. Nikamweleza kwamba petroli huilainisha paipu ya namna hiyo, na pampu ile ingeipasua, petroli imwagikie ekzosti, bomba la moshi lenye moto, gari liwake na mtu ndani. Geji nayo alikuwa ameleta ile ambayo petroli yenyewe huingia kwa paipu mpaka kwenye dashibodi, juu ya magoti ya dereva. Nikakataa. Akaniambia nisijifanye mwalimu, dereva mwenyewe hajalalamika. Nikasema basi nimwone huyo dereva.

Akaja kesho yake asubuhi. Dada, alikuwa Kalama.

Ile kazi ya hoteli ya Galu aliyokwambia haipo. Ilikuwepo, ikaisha walipopunguza watu, naye akaona haya kukwambia. Rai akamkuta ana leseni na hana kitu kingine. Alisimama mbele yangu akitazama chini, akaniamkia kwa adabu ile ile uliyomfundisha. Rai alipotoka kuzungumza kwa simu nilimwambia aache leo hii. Akanieleza kwamba alitaka kuacha baada ya safari ya kwanza, akaonyeshwa picha zake akipakia mzigo. Kisha akasema, "Mjomba, we litengeneze vizuri tu. Usiponitengenezea wewe, atatengeneza mwingine."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kama chakula kisichoshuka. Nikiifanya kazi vizuri, mwanao atakimbia zaidi, na safari zitaongezeka mpaka siku atakayokutana na risasi au lori. Nikiifanya vibaya, ataungua. Basi niliifanya vizuri. Nilimng'ang'ania Rai mpaka akanunua paipu za presha, zilizofumiwa waya wa chuma, nikazipitisha mbali na ekzosti, na kila kiungo nikakipapasa kwa kidole kikavu kuona kama kinavuja. Kwa geji niliweka sensa, kifaa kidogo cha kuhisi presha, kule kwenye injini, ndani ukaingia waya tu. Hakuna tone la petroli litakalomfikia.

Ila Rai hutaka gari lijaribiwe barabarani kabla ya kutoka, na mtu wake, Jefwa, hukaa pembeni yangu. Alhamisi mchana tulishika njia ya Msambweni. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeilegeza regulata, ile inayoshikilia presha ya petroli. Injini ya tabo ikikosa petroli wakati inavuta kwa nguvu zote hujichoma yenyewe kwa ndani. Barabara iliponyooka nikakanyaga mpaka mwisho. Mshale wa geji ukaanza kushuka mbele yetu sote wawili. Jefwa akautazama, akaniuliza kama ndivyo unavyokuwa. Nikamwambia ndiyo, ndivyo. Mguu sikuuondoa. Tukasikia kishindo, moshi ukatanda nyuma, injini ikazima.

Nimeiua kwa makusudi, dada, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Regulata niliirudisha sawa tulipokuwa tukingoja kuvutwa, nikijifanya natafuta ubovu. Rai aliizunguka injini ile kwa muda mrefu, hakunigombeza, akaninyooshea mkono tu nimpe simu. Injini nyingine ameiagiza Mombasa, itafika wiki hii. Mpaka ifike, Kalama hana gari na hakuna anayemchunga.

Kwa hiyo njoo. Amepanga chumba Galu, nyuma ya msikiti mdogo, ukiuliza dereva wa Kinango utaonyeshwa. Usimpigie simu, maana akijua mapema atakwepa. Mshike mkono umpeleke kwa shangazi Malindi, na shemeji na watoto wawafuate huko huko. Mimi nitabaki. Tukitoweka wote wawili siku moja, Rai atajua kilichoiua injini, na atatutafuta. Nikibaki, nitamwambia kijana amevuka kwenda Tanzania, na kwa kuwa ananihitaji nifunge injini mpya, huenda akaniamini.

Injini hiyo nitaifunga. Na kiti cha Kalama atakikalia kijana mwingine, ambaye mama yake hataletewa barua. Hilo nimeliwaza sana, na sijui nitalifanyaje.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniulizia waambie kazi imenibana. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Mramba